Mkesha wa Mwalimu Ignas

Bernadina mwenyewe ndiye aliyeanza kueneza habari kwamba mumewe halali usiku. Aliisema kisimani, mwezi wa Agosti mwaka 1953, wakati wanawake wakingoja maji yajikusanye chini ya kisima, na aliisema kwa fahari.

"Mwalimu wangu siku hizi ubavu wake haugusi kitanda," alimwambia Scolastika, jirani yake wa nyumba ya pili. "Jogoo akiwika namkuta ameketi kwenye kigoda, mgongo ukutani, rozari mkononi."

"Tangu jioni?"

"Tangu jioni mpaka alfajiri."

"Hata wangu hulala ameketi," akasema Scolastika, "ila mkononi ana kibuyu cha pombe."

Wakacheka wote, na Bernadina akacheka nao. Lakini Scolastika alipojitwisha mtungi alikuwa ameacha kucheka. Kabla ya Jumapili, kigango kizima kilijua kwamba Mwalimu Ignas anakesha akisali.

Ignas hakuwa mwalimu wa shule. Alikuwa katekista, mwalimu wa dini, na alishika vigango vitatu, makanisa madogo ya vijijini, upande wa Ushetu, mahali ambapo Padre alifika mara nne tu kwa mwaka. Alizaliwa huko huko, kwa wazazi waliotambikia mababu zao. Alipokuwa kijana alikwenda machimbo ya dhahabu ya Geita, akasukuma vitoroli vya mawe kwa miaka sita, na huko huko akabatizwa. Aliporudi nyumbani alileta katekisimu iliyochakaa na jozi moja ya viatu vyeusi. Wenzake walirudi na mablanketi na sufuria, wakamcheka. Bernadina hakucheka. Alimwona akiwafundisha watoto ishara ya msalaba chini ya jua kali bila kuchoka, akasema moyoni kwamba mtu mwenye subira namna ile hatampiga mkewe. Na kweli, kwa miaka kumi na minane hakumpiga hata siku moja. Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, Klara, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni ya masista.

Kazi ya Ignas ilikuwa miguu. Jumatatu alikwenda kigango cha pili, Jumatano cha tatu, Ijumaa alirudi nyumbani, na kila safari ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa mtu mwenye nguvu. Miaka yote alikuwa akienda huku akiimba, hata watu waliokuwa mashambani walijua ni Jumatatu kwa kusikia sauti yake.

Mwaka huo aliacha kuimba njiani. Bernadina aliliona hilo, akadhani anatafakari. Kisha akaanza kuchelewa. Mwendo wa saa tatu ukawa wa saa tano. Wachungaji walimwona akisimama kila baada ya hatua mia mbili au tatu, ameshika mti, ameinamisha kichwa, midomo wazi. Walikwenda kuwaambia mama zao kwamba Mwalimu anasali Njia ya Msalaba porini peke yake. Watu wakaanza kupachika misalaba midogo ya vijiti mahali alipozoea kusimama. Kufikia Noeli misalaba ilikuwa tisa, na kina mama waliokuwa wakienda kutafuta kuni walipiga magoti hapo.

Viatu vyeusi navyo aliviacha. Asubuhi viliingia kwa shida, na jioni havikuingia kabisa, maana miguu ilikuwa imejaa na ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Akaanza kutembea peku. Watu wakasema anajitesa kwa ajili ya dhambi zao. Chakula akawa anakionja tu. Vijiko vitatu, anasukuma bakuli, anasema ameshiba. Watu wakasema anafunga. Kanisani, akiongoza sala, alikatisha maneno katikati: "Baba yetu... uliye... mbinguni..." Wanawake wa mbele wakaanza kufuta machozi kwa pembe za kanga, wakidhani naye anameza machozi.

Bernadina alikuwa akifua nguo zake. Aliona kwamba mkanda wa suruali umesogea matundu mawili kwenda nje, ingawa mtu mwenyewe hali. Aliona kwamba anatoka nje kukojoa mara nne, mara tano, kabla ya kupambazuka. Alisikia kikohozi kikavu kinachoanza mara tu anapoinama kufunga zizi la mbuzi. Yote aliyaona, na kila alipoliona jambo jipya, kulikuwa na mtu aliyekwisha kulieleza kwa namna nzuri zaidi. Naye alipenda kusikia maelezo hayo. Mke wa katekista hana mengi ya kujivunia: kanzu moja ya kufua, mshahara wa shilingi chache, na wageni wasiokwisha. Sasa wanawake walikuwa wakimpisha kisimani achote kwanza.

Mtu wa kwanza kusema jambo jingine alikuwa Maduhu, jirani yao mfugaji, mzee asiyetaka kusikia habari za ubatizo. Ng'ombe wake ndio waliokuwa wakiiangusha ile misalaba ya vijiti, na Wakristo hawakumpenda kwa sababu hiyo. Alikuja siku moja mwezi wa Januari kuuliza habari za ndama aliyepotea. Akamkuta Ignas ameketi kivulini, na Bernadina anapepeta mtama.

"Shikamoo, Baba Limi," Bernadina alimwamkia.

"Marahaba." Maduhu hakuketi. Alimtazama Ignas kwa muda mrefu, kama anayetazama mnyama mnadani. "Mwalimu, naambiwa Mungu wenu hakupi nafasi ya kulala. Bwana mkali kiasi hicho mimi singemfanyia kazi."

"Nawe ng'ombe wako wamekupa nini?" Ignas alijibu, akivuta pumzi katikati. "Nzi?"

"Na maziwa. Usisahau maziwa." Maduhu akacheka, kisha akaacha. "Geuza shingo upande ule."

"Ya nini?"

"Geuza tu, sikutafutii kupe."

Ignas akageuza. Hata Bernadina akauona mshipa wa shingo umetutumka, mnene kama kidole, unacheza wakati mtu mwenyewe ametulia.

Maduhu alipoondoka alimwashiria Bernadina amfuate mpaka nje ya ua wa minyaa.

"Mama Klara, nilikuwa na dume, mwaka ule wa njaa. Lilimeza kipande cha waya. Likavimba hapa chini ya kidevu na kifuani, mshipa wa shingo ukawa unacheza vile vile. Likawa halitaki kulala chini. Linasimama usiku kucha, limetanua miguu ya mbele, linahema. Tulipolichinja, moyo ulikuwa unaogelea majini."

"Unamfananisha mume wangu na ng'ombe?"

"Ng'ombe nawajua tangu sijaota meno. Ningemfananisha na nini kingine?" Akasonya. "Yule hasali usiku. Yule hawezi kulala. Mpeleke hospitali."

"Wewe unaiangusha misalaba," alisema Bernadina, akarudi ndani. Lakini alipoushika ungo tena, mtama ulimwagika.

Jioni, kabla giza halijaingia, alimletea mumewe maji ya kunawa miguu. Hakuwa amewahi kumnawisha. Alipomaliza akambonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa mguu. Kidole kilizama kama katika udongo wa mfinyanzi, na alipokiondoa shimo likabaki. Alihesabu mpaka ishirini. Shimo lilikuwa bado lipo.

"Baba Klara," alisema, "lala kitandani sasa hivi, nikuone."

"Bado mapema."

"Lala."

Akalala chali. Bernadina hakufika kuhesabu hamsini. Ignas aliinuka ghafla akipapasa hewa kwa mikono miwili kama mtu anayezama mtoni, macho yamemtoka, kifua kinatoa mlio wa chungu kinachochemka. Ilichukua muda mrefu mpaka akaweza kusema.

"Sikukudanganya," alisema. "Mwanzoni nilipokaa pale nilisali kweli. Nimekaa macho, nitafanya nini kingine? Lakini sikuamka ili nisali, Mama Klara. Nilikuwa naamka kwa sababu nakufa."

"Tangu lini?"

"Tangu mavuno."

"Na ukaniacha niende kisimani kukutangaza!"

Baadaye Ignas alimweleza, kidogo kidogo, akipumzika kila baada ya maneno machache. Wakatekumeni wa mwaka ule, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, walikuwa thelathini na mmoja. Miaka yote hawakupata kuzidi wanane. Walikuja kwa sababu ya mkesha. Alikuwamo hata Mbuke, binti wa mganga wa kienyeji, ambaye baba yake alikwisha mwambia kwamba akibatizwa asirudi nyumbani. "Nikisema leo kwamba ni ugonjwa, watasema Mungu wa Mwalimu ni uvimbe wa miguu. Wataondoka wote. Mbuke ataondoka. Niache niwafikishe Jumamosi Kuu. Wakishamwagiwa maji nitakwenda hospitali, hata wakinibeba."

"Utafika hiyo Jumamosi Kuu?"

"Mungu akipenda."

Bernadina aliwaza habari ya Mbuke, aliwaza habari ya wanawake wa kisimani, tena aliona aibu kwa sababu aliwawaza hao pia. Akasema, "Mpaka Jumamosi Kuu, si zaidi." Maneno hayo aliyajutia maisha yake yote. Hakuyasema kwa ubaya. Aliyasema kwa sababu mumewe alikuwa amemwomba, na kwa sababu kumkatalia katekista jambo la ubatizo aliona kama kumkatalia Mungu mwenyewe.

Kwaresima ikaanza na mvua zikaanza nayo. Ignas aliacha kwenda vigango vingine. Wakatekumeni wakawa wanamjia yeye. Aliwafundisha ameketi, akiegemea gunia la pumba alilowekewa na Bernadina mgongoni, kisha magunia mawili, kisha matatu. Bernadina alikuwa akihesabu. Alijua sasa kwamba kila gunia jipya ni hatua nyingine, naye hakumwambia mtu. Scolastika alimuuliza magunia ni ya nini, akajibu kwamba ni ya kuku. Nguvu zilimwisha Ignas hata akawa hawezi kufunga vifungo vya kanzu bila kupumzika. Kuna siku alimwita Bernadina "Mama", akidhani ni mama yake mzazi, ambaye alikufa zamani.

Jumatatu ya Juma Kuu alikohoa povu jekundu hafifu, kama povu la maziwa ya ng'ombe aliyekamuliwa akiwa na kidonda cha chuchu. Alilifuta kwa kiganja na kukificha nyuma. Bernadina alikishika kile kiganja, akakifunua, akakitazama. Zilikuwa zimebaki siku tano. Hakumuuliza tena. Alijifunga kanga kiunoni akaenda moja kwa moja kwa Maduhu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Sasa umekuja," alisema Maduhu. Hakumlaumu, na Bernadina alimshukuru moyoni kwa hilo.

Maduhu alileta wanawe wanne na machela. Walipomlaza Ignas juu yake, wakaona jinsi anavyopigana na pumzi, wakamwinua haraka. Maduhu akatukana, akaenda kanisani bila kubisha hodi, akatoka na kiti cha Padre, kile chenye mikono. Wakakifunga kwa kamba juu ya miti miwili mirefu, wakamketisha Ignas, wakamfunga kifuani kwa kanga asianguke, wakakiinua mabegani.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Mtu akibebwa kwa machela, kila mtu hujua ni mgonjwa. Mtu akibebwa juu ya kiti cha Padre, ameketi wima, macho yamefumbwa, rozari mkononi, katika Juma Kuu! Scolastika alipiga kigelegele. Wakatekumeni wakatoka na matawi yaliyobaki ya Jumapili iliyopita, wakaanza kuimba. Kwenye kila msalaba wa vijiti watu walikuwa wamepiga magoti njiani, wakiomba baraka, wakigusa ile miguu iliyovimba, na wabebaji wakalazimika kusimama.

"Pisheni!" Bernadina alipiga kelele. "Ni mgonjwa! Pisheni njia!"

"Mama Klara, mwache atubariki," alisema bibi mmoja. "Kidogo tu. Nani ajuaye kama atarudi?"

"Mgonjwa, jamani! Hamwoni?"

Hawakuona. Walimwona mwalimu wao anainua mkono, wakadhani anabariki, kumbe anaomba wapunguze mwendo, anabanwa. Saa mbili zilipotea kwenye njia ile. Maduhu alitangulia mbele na fimbo ya ng'ombe, akiwachapa watu miguuni bila kujali nani ni nani, mpaka wakafika barabara kuu. Huko walingoja lori la mpunga hadi kesho yake mchana, mvua inanyesha, Ignas ameegemea kifua cha mkewe chini ya turubai la watu.

Hospitalini, huko mjini, waliwapokea vizuri, hilo lazima lisemwe. Dresa, mganga msaidizi aliyekuwa zamu, aliitwa Stanslaus, kijana mwenye miwani. Alimketisha Ignas kitandani na kumwekea mito, kisha akaanza kumuuliza Bernadina.

"Analalia mito mingapi?"

"Hatuna mito. Magunia matatu."

"Miguu inavimba asubuhi au jioni?"

"Ilikuwa jioni. Sasa ni wakati wote, na tumbo pia."

"Huamka akikosa hewa?"

"Kila siku. Akikaa hupata nafuu."

"Anakojoa usiku? Anakohoa akilala? Alikuwa akisimama njiani?"

Kila swali alikuwa na jibu lake, na siku, na hesabu. Dresa aliandika, kisha akainua kichwa.

"Mama, umeangalia vizuri kuliko wauguzi wangu. Moyo wake umechoka. Hausukumi damu inavyopaswa, basi maji yanarudi nyuma, yanajaa kwenye mapafu, kwenye miguu, kila mahali. Aliwahi kuugua homa ya viungo ujanani?"

"Huko machimboni. Miezi miwili hakuinuka."

"Huenda ilianzia pale."

"Kama ningemleta mwezi wa nane?"

Stanslaus alivua miwani akaifuta. Alikuwa mkweli, na Mungu ambariki kwa ukweli wake ingawa ulikuwa mchungu. "Tusingemponya. Dawa ya kuponya moyo wa namna hii hatuna. Ila tungemtoa maji mapema, tungempa vidonge vya moyo, tungemkataza kutembea na kula chumvi. Labda mwaka. Labda miwili."

"Na mwezi wa Januari?"

"Mama, usijiulize hivyo."

Walimchoma sindano ya kutoa maji. Alikojoa mabeseni mawili. Siku ya Alhamisi Kuu uso ulipungua, na siku ya Ijumaa Kuu, saa za mchana, alilala kwa ubavu juu ya mto mmoja, akapata usingizi. Bernadina alikaa pembeni akimtazama kifua kikipanda na kushuka, bila mlio. Ilikuwa miezi minane tangu amwone mumewe amelala kama mtu. Aliomba Mungu amfanye mjinga, asahau alichoambiwa. Jumapili ya Pasaka jioni Ignas aliuliza kama wamekwisha kubatizwa. Mwana mmoja wa Maduhu, aliyefika kwa lori na habari za kigangoni, akamjibu ndiyo, wote thelathini na mmoja, kwa mikono ya Padre mwenyewe. Akatabasamu. Jumatatu ya Pasaka maji yalirudi, na sindano haikuyatoa tena. Jumatano asubuhi, akiwa ameketi, alikata roho.

Alizikwa huko huko mjini. Juma lililofuata Padre alikuja kigangoni kusoma Misa ya wafu. Watu walijaa mpaka nje, wengine wametoka vigango vya mbali. Kabla ya kuvaa, Padre alimwita Bernadina nyuma ya kanisa.

"Mama Klara, pole sana. Watu wote wananieleza habari za mkesha wake, na mfungo wake, na kutembea peku. Nataka kuyasema katika mahubiri. Wewe ndiye uliyekaa naye. Ni kweli?"

Kwa dirisha Bernadina aliwaona wabatizwa wapya wamevaa nguo nyeupe. Mbuke alikuwa katikati yao; tangu Jumapili ya Pasaka alikuwa analala nyumbani kwa Scolastika, maana kwao walimfukuza. Neno moja tu, "ndiyo", lingetosha.

"Si kweli, Padre," alisema. "Alikuwa anaumwa moyo. Hakuweza kulala, hakuweza kula, viatu havikumwingia. Alisali, ndiyo, kama mtu yeyote anayeogopa. Nami nilijua tangu Januari, nikanyamaza."

Padre akasema, "Mungu akusamehe, mama," akavaa. Katika mahubiri alisema Ignas alikuwa mtumishi mwaminifu aliyeumwa moyo muda mrefu, akawaomba wanaoona dalili za namna ile nyumbani mwao, kuvimba miguu na kukosa hewa wakilala, wasikae nazo. Watu walitazamana. Minong'ono ilianzia mlangoni ikafika mbele. Kabla ya komunyo wengine walikuwa wamekwisha toka.

Mwezi haukuisha, kati ya wale thelathini na mmoja walikuwa wanakuja kumi na wawili. Mbuke alirudi kwa baba yake. Alikwenda na mbuzi wa kuombea radhi, akapokewa.

Scolastika alikuja siku moja alasiri, akamkuta Bernadina anabangua karanga. Hakuketi.

"Kwa nini ulimwambia Padre?" aliuliza. "Amekwisha kufa, angepungukiwa na nini? Tulikuwa na mtu wetu mbinguni anayetujua kwa majina."

"Bado yuko huko, natumaini."

"Kama mgonjwa yeyote tu."

"Ndiyo," alisema Bernadina. "Kama mgonjwa yeyote."

"Wewe ndiye uliyetuambia, pale kisimani. Hatukulitunga sisi."

Bernadina alimsogezea kigoda, lakini Scolastika alikwisha geuka. Bernadina alimwangalia mpaka alipopita ua wa minyaa, kisha akainamia ungo wake, akaendelea kubangua karanga moja moja, ingawa nyumbani hakukuwa na mtu mwingine wa kuzila.